Hans Meyer na Njia ya Kufika Kibo

Imeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Jina la Hans Meyer tumelisoma sote katika vitabu vya darasani, lakini mara nyingi ni mstari mmoja tu, kwamba Mjerumani huyo alifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Mstari huo ni wa kweli, ila waficha mambo mengi. Msomaji aweza kudhani kwamba bwana huyo alitoka pwani, akauona mlima, akapanda, akashuka, akarudi kwao. Sivyo kabisa. Alikuja mara tatu kabla ya kufika. Mara ya pili alifungwa minyororo, na mara ya tatu alifika kwa msaada wa watu ambao mstari ule hauwataji. Nimeona basi yafaa niyaandike maisha yake katika gazeti letu la shule, na mahali ambapo hakunipendeza nitasema.

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, Ujerumani. Babu yake, Joseph Meyer, alikuwa ameanzisha nyumba kubwa ya kupiga chapa vitabu, na baba yake akaiendeleza, wakahamia mji wa Leipzig. Kitabu chao kilichovuma kuliko vyote kilikuwa kamusi kubwa ya elimu, yenye majuzuu mengi, ambayo katika nyumba za Wajerumani wenye kisomo ilikuwa kama ngano katika ghala. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katikati ya vitabu na ramani, na tena alikulia katikati ya fedha. Jambo hili la fedha tusilisahau, kwa kuwa safari zake hakutumwa na serikali wala na chama; mfuko ulikuwa wake mwenyewe. Alisoma katika vyuo vikuu, akapata shahada, kisha akazunguka nchi za Asia mpaka visiwa vya Ufilipino. Aliporudi akaingia katika kazi ya baba yake, lakini moyo wake haukutulia mezani.

Katika siku hizo mlima wetu ulikuwa fumbo kwa watu wa Ulaya. Kwa Wachagga haukuwa fumbo. Walikuwa wakiishi kwenye miteremko yake tangu zamani, wakachimba mifereji ya maji kutoka msituni mpaka migombani, na vilele vyote viwili walivipa majina, Kibo na Mawenzi. Kile kitu cheupe cha juu walikijua pia kwa uchungu. Wamisionari wa kwanza waliandika habari waliyoisimuliwa huku, kwamba zamani Mangi mmoja alituma watu wapande wakakitazame kitu hicho. Wengi wakafa huko, na aliyerudi alirudi viungo vyake vimeharibiwa na baridi. Kwa hiyo nasema wazi kwamba Wachagga hawakukosa macho wala miguu. Walikosa sababu ya kwenda kufa kwenye ubaridi usio na shamba wala malisho.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ile alikuwa mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini, kiongozi hakuwa na jina lake, akasema ni baridi tu. Rebmann alipoandika habari hiyo Ulaya, mtaalamu mmoja wa London aitwaye Desborough Cooley akamkatalia kabisa, akasema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Bwana Cooley hakupata kufika Afrika Mashariki hata siku moja! Akashikilia ubishi wake kwa miaka mingi, hata wengine walipokuwa wamekwisha kuikanyaga nchi yenyewe. Baron von der Decken alipanda mwaka 1861 na tena mwaka 1862, na mara hiyo ya pili, pamoja na Otto Kersten, alifika kiasi cha mita 4,200 na kitu. Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Mwaka 1887 Count Teleki wa Hungaria alipanda Kibo mpaka kiasi cha mita 5,300, akashindwa kuendelea kwa ajili ya kupungukiwa pumzi.

Mwaka huohuo wa 1887 ndipo Hans Meyer alipokuja mara ya kwanza, naye alikuwa na umri wa miaka 29. Alifika Marangu kwa Mangi Marealle, akapanda kupitia msitu, akatoka kwenye majani, akafika ule uwanda mpana ulio kati ya Kibo na Mawenzi, ambao mpaka leo wapandaji hupita. Mwenzake, Baron von Eberstein, alichoka njiani akabaki nyuma. Meyer akaendelea peke yake mpaka akasimama mbele ya ukuta wa barafu. Naomba msomaji afikiri kidogo juu ya ukuta huo, maana siku zile barafu ya Kibo haikuwa kama vipande tuvionavyo sasa. Ilizunguka kichwa chote cha mlima kama kofia, na ukingo wake ulisimama wima kupita kimo cha nyumba. Meyer hakuwa na shoka la barafu, hakuwa na kamba, hakuwa na mwenzi. Akautazama, akageuka.

Hapo naona tofauti yake na wengine waliomtangulia. Wengine walirudi wakasema mlima ni mgumu. Yeye alirudi na maswali mawili aliyotaka kuyajibu. La kwanza, barafu ile yaweza kupandwa upande gani? La pili, mtu awezaje kukaa juu kwa siku nyingi bila kula chakula chake chote na kulazimika kushuka? Maana wote waliotangulia walifanya kama mtu akimbiliaye mti wenye matunda: alipanda mbio, akachoka, chakula kikaisha, akashuka. Njia ya mlima mkubwa haikuwa mahali pa kukanyaga peke yake. Ilikuwa pia ndizi, na nyama, na kuni, na mtu wa kuzibeba.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 1888, pamoja na Oscar Baumann wa Vienna, mtu hodari wa kuchora ramani. Walichukua msafara mkubwa, wakaanza kwa kuvuka milima ya Usambara. Lakini walichagua mwaka mbaya. Mwezi wa Agosti Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imetwaa mamlaka ya pwani na kupandisha bendera yake Pangani kwa jeuri kubwa, na watu wa pwani wakainuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Habari za vita zilipofika Usambara, wapagazi wengi wa Meyer wakatupa mizigo wakaenda zao. Yeye na Baumann wakageuka kurudi pwani na watu wachache, wakakamatwa njiani, wakapigwa, wakafungwa minyororo. Abushiri mwenyewe akaja, akawaachilia kwa fidia ya rupia 10,000.

Katika darasa letu tulibishana sana juu ya sehemu hii. Mwenzangu mmoja alisema kwamba Meyer alionewa, kwa kuwa yeye alikuwa mtafiti wala hakuwa askari. Mwingine akajibu kwamba mwenye nyumba aliyeingiliwa usiku haulizi kila mgeni kazi yake. Mimi nakubaliana zaidi na huyu wa pili, ijapokuwa minyororo si kitu cha kumtakia mtu. Meyer hakuwa askari, lakini alitaka nchi hii iwe ya Wajerumani, na mambo hayo aliyaandika na kuyatetea maisha yake yote. Abushiri naye alishindwa vitani, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ukitazama tarehe utaona kwamba katika mwaka ule mmoja, miezi miwili na siku chache kabla ya kifo hicho, mtu aliyekuwa mfungwa wake alikuwa amesimama juu ya Kibo.

Maana Meyer alirudi. Mtu mwingine angekaa Leipzig akapiga chapa vitabu vyake kwa amani. Yeye katika mwaka wa 1889 alikuwa Unguja tena, akiandika wapagazi. Safari hii alibadili mambo matatu.

Kwanza, hakupita Pangani, kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea huko. Aliondoka Mombasa akashika njia ya Taveta. Pili, alimchukua mwenzi aliyejua barafu. Huyu alikuwa Ludwig Purtscheller, Mwaustria, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Salzburg, ambaye alikuwa amepanda vilele vingi mno vya milima ya Alps, na mara nyingi bila kiongozi. Siku alipofika Kilimanjaro alikuwa karibu kutimiza miaka 40. Wanafunzi wanaokimbia saa ya michezo na kusema kwamba viungo si somo, wamfikirie mwalimu huyu! Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, Meyer alipanga chakula kama vile fundi apangavyo matofali.

Alipofika Marangu mwishoni mwa Septemba, Mangi Marealle alimpokea vizuri kama mara ya kwanza. Hapo akaweka kambi kubwa, na wapagazi wengi wakabaki. Kambi ya pili akaiweka juu ya msitu, karibu na mita 2,900. Kambi ya tatu ilikuwa upande wa mashariki wa Kibo, kwenye uwanda wa juu, kama mita 4,300, mahali ambapo usiku maji huganda. Kisha akaagiza kwamba baada ya kila siku chache watu watoke Marangu na chakula mpaka kambi ya katikati, na wengine wakichukue kutoka hapo mpaka juu, pamoja na kuni, kwa kuwa juu hakuna mti. Kwa mpango huo Wazungu wale wawili waliweza kukaa juu ya mita 4,000 siku 16, na wakishindwa leo wajaribu kesho kutwa.

Mpango huu waonekana mwepesi ukiusoma kwenye karatasi. Lakini uliendeshwa na miguu ya watu. Wapagazi wa pwani hawakuzoea baridi, nguo zao zilikuwa za pamba, na wengi hawakuwa na viatu. Walitoka kwenye migomba wakapita msitu wenye utelezi, wakatoka kwenye upepo, mzigo kichwani, wakafika mahali ambapo kichwa chauma kwa kukosa hewa, wakautua, wakarudi kuchukua mwingine. Tena misafara ya siku zile iliongozwa kwa kiboko, na msafara wa Meyer haukuwa tofauti. Hapa ndipo nisipopendezwa naye. Mtu aliyewahi kuvaa mnyororo mwaka mmoja tu uliopita angetazamiwa kuwa mwepesi wa huruma.

Kati ya watu hao mmoja ameandikwa kwa jina, naye ni Mwinyi Amani wa Pangani. Wengine waliporudishwa chini kwa ajili ya baridi, yeye alikubali kubaki katika kambi ya juu pamoja na Wazungu wale wawili. Hema lilikuwa dogo. Wenzake wawili walipokwenda kupanda barafu, Mwinyi Amani alibaki peke yake mchana kutwa katika jangwa lile la mawe, bila mtu wa kusema naye, akilinda vitu, akihifadhi moto, akipika. Fikirini pwani ya Pangani, minazi na joto, halafu fikirini mahali hapo. Meyer mwenyewe alimsifu kwa uvumilivu wake. Nami naongeza kwamba moto ule ulikuwa sehemu ya njia, kama vile ngazi za barafu zilivyokuwa sehemu ya njia, kwa sababu watu waliochoka wakirudi gizani wasikute moto wala uji, kesho yake hawapandi tena.

Sasa nieleze njia yenyewe. Meyer na Purtscheller waliukagua mlima kwa mbali, wakaona kwamba upande wa kusini mashariki kuna mgongo wa mawe upandao juu sana kabla ya kukutana na barafu. Wakifuata mgongo huo wangekwepa ule ukuta wa wima uliomgeuza Meyer mwaka 1887, wakaikuta barafu mahali ilipolala kidogo. Tarehe 3 Oktoba waliamka usiku, wakapanda juu ya mawe na changarawe zinazoporomoka, hatua mbili mbele na moja nyuma, mpaka wakafika kwenye barafu, karibu na mita 5,500. Mto huo wa barafu Meyer aliuita kwa jina la Ratzel, mtaalamu wa jiografia wa kwao. Hapo wakafungana kamba, wakavaa miwani ya giza ili mng'ao usiwapofushe, na Purtscheller akatangulia kukata ngazi kwa shoka.

Barafu ilikuwa ngumu kama kioo. Kila ngazi ilitaka mapigo mengi ya shoka, na kila hatua ilikuwa na hatari, maana mtu akiteleza hapo hana wa kumzuia ila mwenzake aliyefungwa naye, na chini yao kulikuwa na genge. Zaidi juu barafu ilibadilika, ikawa imeliwa na jua, yenye nyufa na ncha kama visu, wakazama humo mpaka mapajani. Walilazimika kupumzika kila baada ya hatua chache. Saa nane ya mchana ilipokaribia wakafika ukingoni, na hapo wakaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelihakikisha kwa macho. Kibo si kilele cha mviringo kama kinavyoonekana kutoka Moshi. Katikati ina kasoko kubwa, shimo la volkano ya zamani, na kuta zake zashuka chini sana, na sakafu yake ina barafu na majivu.

Lakini ukingo waliosimama haukuwa mahali pa juu kabisa. Upande wa kusini, kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi, kulikuwa na ncha za mawe zilizochomoza juu ya theluji, na hizo ndizo zilizokuwa juu zaidi. Kwa macho zilikuwa karibu. Kwa miguu ilikuwa habari nyingine, kwa kuwa walikuwa wamechoka, siku ilikuwa imekwisha kupita nusu, na kulala juu bila kitu ilikuwa ni kufa. Wakageuka. Katika habari nzima ya Meyer, mimi nasifu uamuzi huu kuliko ule wa kupanda. Mtu amekuja mara tatu kutoka Ulaya, amelipa fidia, amefika mahali ambapo baada ya saa moja na nusu atapata alichokitafuta, naye anageuka kwa kuwa hesabu ya jua imekataa. Wangapi wangefanya hivyo?

Walipumzika siku moja. Tarehe 5 Oktoba wakapanda tena, ila safari hii hawakuanzia kambini. Walilala katika pango la mawe juu zaidi, ili wapunguze mwendo wa asubuhi. Na usiku wa manane ulipopita wakaondoka. Ngazi walizozikata tarehe 3 zilikuwa zingalipo, zimeganda vizuri, wakazipanda kama ngazi za nyumba. Kabla ya saa tatu ya asubuhi walikuwa ukingoni, bila kuchoka sana. Wakaufuata ukingo kuelekea kusini, wakazifikia zile ncha za mawe, wakahakikisha ipi imezizidi nyingine. Saa nne na nusu ya asubuhi, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya mahali pa juu kuliko pote katika Afrika. Siku hiyo ilikuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwake Purtscheller. Alitimiza miaka 40 juu ya Kibo.

Meyer akasimika bendera ndogo ya Kijerumani, akakiita kilele jina la Kaizari Wilhelm, akachukua jiwe kutoka kileleni. Sehemu ya jiwe hilo alimpa Kaizari mwenyewe, likawekwa katika jumba lake la Potsdam. Kimo cha mlima alikipima kuwa kiasi cha mita 6,010. Vipimo vya baadaye vimetoa mita 5,895. Kosa la mita 115 kwa mtu aliyepima kwa vyombo vya siku zile, huku mikono imekufa ganzi, mwalimu wetu wa jiografia asema si kubwa.

Baada ya hapo hawakushuka mara moja kwenda kujisifu. Waligeukia Mawenzi, ambayo ni fupi kuliko Kibo lakini mawe yake ni mabovu na yamesimama kama meno. Walijaribu zaidi ya mara moja, wakafika kwenye ncha za ukingoni, ila kilele chenyewe kiliwashinda. Kilipandwa mwaka 1912 na Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, nao wakakipa jina la Hans Meyer, lakini yeye hakupata kukikanyaga. Kibo napo, baada ya Meyer na Purtscheller, palipita karibu miaka 20 kabla ya watu wengine kufika kilele kilekile, mwaka 1909. Purtscheller hakuwapo kuisikia habari hiyo. Aliumia katika milima ya Alps mwaka 1899, akafa mwaka 1900.

Huko Marangu wazee hulitaja jina la Yohani Kinyala Lauwo, wakisema kwamba yeye alikuwa kijana aliyewaongoza Wazungu wale katika msitu. Mzee Lauwo alifariki mwaka 1996, akiwa na umri ambao watu wengine waliuhesabu kupita miaka 120. Wako wanaobisha juu ya hesabu hiyo na juu ya tarehe ya safari yake. Lakini jambo moja halina ubishi: msitu ule una vijia vya wawindaji na vya watafuta asali, nao Wazungu wawili waliotoka Leipzig na Salzburg hawakuvifahamu. Kutoka Marangu mpaka mwisho wa miti, njia ilikuwa ya Wachagga. Kutoka kwenye miti mpaka kambi ya juu, ilikuwa ya wapagazi. Sehemu ya mwisho, ile ya barafu, ndiyo iliyokuwa ya Meyer na Purtscheller kwa haki, na hakuna wa kuwanyang'anya.

Meyer aliandika kitabu kikubwa juu ya safari hiyo mwaka 1890, akawa mtu mashuhuri. Alipanda pia volkano za Ecuador katika Amerika ya Kusini mwaka 1903, na mwaka 1911 akarudi Afrika Mashariki, akasafiri Rwanda na Burundi, na juu ya Warundi akaandika kitabu. Kutoka mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Tena alikuwa mkusanyaji wa vitu vya sanaa, na alinunua vyombo vingi vya shaba vya ufalme wa Benin, ambavyo Waingereza walivipora mwaka 1897. Miaka mitatu tu baada ya kupewa uprofesa huo, Ujerumani ilishindwa katika vita vikuu, na makoloni yenyewe yakatoka mikononi mwake. Alikufa Leipzig tarehe 5 Julai 1929.

Jina la Kaizari halikudumu kileleni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Watu wengi waijua habari hiyo, kwa hiyo sitairefusha.

Lakini kuna habari nyingine ambayo Meyer aliianza na bado haijaisha. Alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, miaka tisa tu baada ya kufika kileleni, akiwa na mchoraji Ernst Platz. Alipopanda tena mpaka ukingoni akastaajabu. Pengo alilopitia katika barafu mwaka 1889 lilikuwa limepanuka sana, na barafu imerudi nyuma. Akaandika kwamba barafu ya Kibo inapungua. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya kiasi cha kilometa 12 za mraba. Vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha chini ya kilometa 2. Pengo lile siku hizi laitwa kwa jina la Hans Meyer, na mpandaji afikapo ukingoni karibu na hapo atakanyaga mawe na changarawe, mahali ambapo Purtscheller alikata ngazi kwa shoka.